Mnara wa Siloamu na radi ya Panda

Masomo: Matayo 7:24-27, Luka 13:1-5, Mezali 22:3

 

Tuko mwezi wa kumi. Jua ni kali, vumbi iko kila mahali, na majani ya milimani yameungua moto. Jioni tunaona mawingu meusi yanakusanyika, halafu yanaondoka bila kutoa kitu. Lakini kila mtu wa Panda anajua kinachokuja. Mvula ya kwanza haiji peke yake. Inakuja na upepo, na radi, ile wazee wetu wanayoita nkuba. Ndiyo maana leo ninataka tuseme juu ya mvula mbele ya Neno la Mungu, kabla haijafika.

Ninaanza kwa kuungama. Miaka mingi iliyopita, nilipokuwa mchungaji kijana, radi ilimuua kijana mmoja mtaani kwetu. Kabla ya kumzika, jina la nkambo mmoja lilikuwa limekwisha kutembea kutoka nyumba hadi nyumba. Alikuwa mjane, anauza nyanya mbele ya mlango wake, analea mjukuu mmoja. Watu walisema aligombana na familia ile kwa sababu ya deni, basi ni yeye aliyetuma radi. Usiku ule tulifanya mkesha. Nilisimama nikahubiri kwa nguvu, nikasema adui hayuko mbali, anakaa katikati yetu. Mimi nilikuwa ninasema juu ya Shetani. Lakini niliona macho ya watu, nikajua wanamfikiri nani, na sikusahihisha. Wiki ile nkambo alifunga vitu vyake katika kitambaa, akamshika mjukuu mkono, akaondoka. Hakuna aliyemsindikiza. Hata mimi sikumsindikiza.

Na kijana yule alifia wapi? Alifia chini ya mwembe. Mvula ilimkuta njiani, akaegemea shina, akingoja ipungue. Mwembe ulikuwa na alama ya moto kutoka juu hadi chini, na sisi wote tuliiona. Sababu ilikuwa imesimama mbele ya macho yetu, na sisi tukaenda kuitafuta katika nyumba ya mjane.

1. Mvula ile ile inanyesha juu ya nyumba mbili

Bwana wetu alitoa mfano wa wajenzi wawili. Mmoja alijenga juu ya mwamba, mwingine juu ya mchanga. Angalia vizuri jambo moja: mvula ilikuwa ile ile, mafuriko yale yale, upepo ule ule. Bwana hakusema kwamba mtu mwenye hekima hakupata dhoruba. Hakusema pia kwamba kuna mtu aliyeituma dhoruba kwa yule mpumbavu. Tofauti haikuwa katika mawingu. Ilikuwa chini, katika msingi.

Sisi wa Likasi tunakaa juu, karibu mita 1,300 juu ya bahari. Mvula yetu ya mwaka inapita milimita 1,000, na karibu yote inaanguka kati ya mwezi wa kumi na mwezi wa ine. Ni maji mengi kwa miezi michache, juu ya udongo uliokauka miezi mitano. Zamani miti ya miombo ilipunguza nguvu ya maji hayo. Leo miti mingi imekuwa makala ya kupikia. Maji yanashuka mbio kutoka vilimani, yanachimba korongo kati ya nyumba, yanatafuta mto.

Hatukai chini ya volkano kama ndugu zetu wa Goma, ambao Nyiragongo iliwatolea moto tarehe 17 Januari 2002, na tena tarehe 22 Mei 2021. Hatukuona usiku kama ule wa Kalehe, katika Kivu ya Kusini, tarehe 4 Mei 2023. Siku ile ilikuwa siku ya soko Nyamukubi, na maji na matope yalishuka juu ya Nyamukubi na Bushushu, yakaua watu zaidi ya 400. Misiba yetu ya Panda inakuja kidogo kidogo. Mwaka huu malata ya nyumba moja yanaruka. Mwaka mwingine ukuta wa matofali mabichi unaangukia kitanda. Hapa radi inapiga mbuzi, pale mtu. Magazeti hayaandiki.

Na hapo ndipo mtego ulipo, wapendwa. Watu mia wakifa kwa siku moja, tunasema ni janga, tunalia, tunatoa sadaka ya msaada. Mtu mmoja akifa, tunauliza: ni nani aliyemfanya? Mvula ni moja. Kwa nini mvula inayoua wengi haina mchawi, lakini mvula inayoua mmoja lazima iwe na mchawi, na mchawi huyo lazima awe mjane asiye na mtu wa kumtetea?

2. Bwana alikataa swali letu

Fungueni Luka 13. Watu walimletea Yesu habari ya Wagalilaya waliouawa na Pilato. Yeye mwenyewe akaongeza habari nyingine: mnara ulianguka huko Siloamu, ukaua watu 18. Akawauliza wasikilizaji wake kama wanafikiri hao 18 walikuwa na hatia kuliko watu wengine wote wa Yerusalema. Akajibu mwenyewe: hapana. Kisha akageuza kidole chao. Walikuwa wanaonyesha wafu, yeye akawaambia watubu wao.

Mnara wa Siloamu haukuanguka mara moja tu. Tarehe 28 Juni 2011, huko Runyanya, wilaya ya Kiryandongo katika Uganda, radi ilipiga shule ya msingi, na wanafunzi 18 walikufa. Hesabu ni ile ile ya Siloamu. Je, watoto hao walikuwa na dhambi kuliko watoto wa shule nyingine? Tarehe 10 Machi 2018, huko Nyaruguru katika Rwanda, radi ilipiga kanisa la Waadventista siku ya ibada, ikaua watu 16. Mtu asije akasema: ni kwa sababu wanaabudu siku ya posho. Maana tarehe 2 Novemba 2024, katika kambi ya wakimbizi ya Palabek, kaskazini ya Uganda, radi ilipiga watu waliokusanyika kuomba Mungu, ikaua 14, wengi wao vijana na watoto, na kujeruhi 34. Walikuwa wamekimbia vita, wakafia katika maombi.

Nani atasimama aseme hao hawakuwa na imani? Mimi sithubutu. Yobu alikuwa mtu wa haki kuliko wote wa nchi yake, na upepo mkubwa ulipiga pembe ine za nyumba ambamo watoto wake walikuwa wanakula, ikawaangukia. Rafiki zake walikaa kimya pamoja naye siku saba, na hiyo ilikuwa kazi nzuri waliyofanya. Walipoanza kueleza sababu, wakatenda dhambi, na mwishoni Mungu akawakasirikia.

Na Paulo alipotoka katika bahari kule Melita, nyoka akamshika mkono. Wenyeji wakasema mara moja: huyu ni muuaji. Waliona bahati mbaya, wakatoa hukumu. Walikosea. Sisi tuliobatizwa kwa maji na Roho tusifikiri kama watu wa Melita kabla hawajasikia Injili.

3. Lakini Yesu alikemea upepo!

Ninasikia mtu anasema: mchungaji, wewe unataka kutupunguzia imani. Bwana alikemea upepo, ukanyamaza. Sisi pia tuna mamlaka.

Amina! Siondoi hata neno moja. Tuombe, tukemee, tufunge na kula. Lakini soma Marko 4 polepole. Kwanza, Bwana alisema na upepo na bahari. Hakuuliza ni mvuvi gani wa kijiji jirani aliyeleta dhoruba. Pili, Marko anaandika kwamba mashua nyingine zilikuwa pamoja naye. Bahari ilipotulia, ilitulia kwa mashua zote, hata zile ambazo Yesu hakupanda. Maombi ya mtu wa Mungu wakati wa dhoruba yanafunika na jirani. Maombi yanayomuacha jirani nje, au yanayomfanya awe adui, hayatoki katika mashua ile.

Tena soma Matendo 27. Malaika alimwambia Paulo kwamba hakuna hata mmoja katika merikebu atakayekufa. Ahadi ilikuwa wazi kabisa. Watu walikuwa 276. Lakini mabaharia walipotaka kutoroka kwa mashua ndogo, Paulo huyo huyo mwenye ahadi alimwonya akida kwamba bila hao kubaki, wengine hawataokoka. Aliwasihi pia wale chakula, wapate nguvu. Paulo hakuona vita kati ya ahadi ya Mungu na kazi ya mikono. Aliomba usiku, na asubuhi akaangalia kamba.

Na torati inakwenda mbali zaidi. Katika Kumbukumbu la Torati 22:8, Mungu anaamuru mwenye kujenga nyumba aweke ukingo juu ya dari, mtu asianguke. Asipoweka, na mtu akaanguka, damu iko juu ya nyumba yake. Ndugu zangu, Mungu anahesabu ukingo wa nyumba kuwa utii! Basi tukitafuta mwenye hatia baada ya msiba, tusianze na mjane wa jirani. Tuanze na ukingo wetu ambao hatukuuweka.

4. Ukingo wa nyumba zetu

Mezali 22:3 inafundisha kwamba mwenye busara huona hatari, akajificha. Basi nitasema mambo ya kufanya. Mama, mwambie mtoto aandike.

Kwanza, radi. Ukiona mwanga, anza kuhesabu hadi usikie mngurumo. Kila sekunde tatu ni kama kilometa moja. Ukisikia kabla ya kufika 30, radi iko karibu nawe: acha shamba, toka mtoni, ingia ndani. Usitoke hadi dakika 30 zipite tangu mngurumo wa mwisho. Usisimame chini ya mwembe wala mti mwingine wowote uliosimama peke yake. Ndani ya nyumba, kaa mbali na ukuta na mlango, na mbali na waya za umeme. Toa simu katika chaji. Gari lililofungwa, lenye paa ya chuma, ni mahali pazuri pa kujificha.

Na kanisani? Wazee wa kanisa, hapa ninasema nanyi. Tumejenga kwa miti na malata, hakuna waya unaoshuka katika udongo. Radi ikipiga malata, inatafuta njia ya kwenda chini, na njia iliyo karibu ni watu walioegemea nguzo. Radi ikikaribia, mhubiri aweke mikrofoni chini, ndugu wa muziki wazime kinanda na bafle na kuzitoa katika umeme, na watu wasogee mbali na nguzo na kuta. Sifa hazihitaji umeme; tutaimba kwa midomo. Na mwaka huu, kabla ya kununua bafle nyingine, tutafute fundi anayejua kazi, tuweke paratonere. Shule ile ya Runyanya iliwekewa baada ya msiba. Sisi tuweke kabla.

Jambo hili lisikieni kuliko yote. Mtu aliyepigwa na radi hana umeme mwilini. Unaweza kumgusa. Hana laana inayoruka kutoka kwake kuja kwako. Wengi wanaopigwa hawafi, na wengine moyo umesimama tu, unaweza kurudi kama mtu akisukuma kifua kwa nguvu na kwa haraka, katikati, bila kuacha, wakati wengine wanatafuta gari la kwenda hospitali. Tunapokimbia kwa hofu ya uchawi, tunamuacha ndugu afe mara ya pili. Omba ukiwa umeweka mikono juu ya kifua chake!

Pili, upepo. Mawe juu ya malata hayatoshi. Upepo ukiinua malata, mawe hayo yanaanguka juu ya watoto. Funga mbao za paa kwa waya mnene, na waya huo ushuke ndani ya ukuta, mistari mine au mitano ya matofali. Malata yasipite ukuta sana mahali ambapo upepo unaingia chini yake. Kama ukuta ni wa matofali mabichi, weka mawe chini, chimba mfereji mdogo, maji yasilale kwenye mguu wa nyumba. Ukuta ukianza kupasuka au kuvimba wakati wa mvula, usilaze watoto karibu nao, hata usiku mmoja.

Tatu, maji. Kanivo zimejaa uchafu wetu wenyewe. Chupa unayotupa mwezi wa tisa inafunga maji mwezi wa kumi na mbili, nayo yanaingia kwa mjane anayekaa chini yako. Hiyo nayo ni dhambi, ingawa hatuiungami. Korongo likianza kuwa dogo, lizuie kwa mifuko ya udongo, panda mianzi na majani yenye mizizi mirefu. Likisha kuwa kubwa, halisikii tena mifuko. Waya wa umeme ukianguka katika maji, mtu asikaribie, hata kama taa zimezimika.

Ine, kolera. Wazazi mnakumbuka mwanzo wa 2008, katikati ya mvula, kolera ilivyopiga Likasi na Lubumbashi. Maji ya mvula yanapita katika vyoo, yanaingia katika visima. Chemsha maji ya kunywa, au weka dawa ya klori. Nawa mikono kwa sabuni. Mtoto akianza kuharisha maji, usingoje: litre moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari, nusu ya kijiko kidogo cha chumvi, umnyweshe kidogo kidogo ukiwa njiani kwenda kituo cha afya. Mafuta ya upako yawe juu ya kichwa chake, na maji haya yawe mdomoni mwake.

Posho hii, saa moja asubuhi, tutafanya salongo. Kila mtu aje na jembe, pao au ndoo. Tutaanza na kanivo ya mbele ya kanisa, halafu tutaenda kwenye nyumba za wajane na wazee, kufunga malata yao. Hatutauliza wanaomba kanisa gani. Na kama kuna nyumba katika kartie ambayo watu wanaisema vibaya, tutaanza na hiyo.

5. Nkambo aliondoka

Nilimtafuta nkambo yule, miaka baadaye. Nilikuta mjukuu wake, amekuwa mama mwenye watoto. Aliniambia nkambo alikwisha kulala. Sikupata nafasi ya kuomba msamaha kwake, nikauomba kwa mjukuu. Alinyamaza kwa muda, halafu akaniuliza: "Papa mchungaji, siku ile ulijua?" Nikamjibu: nilijua hawezi kutuma radi. Akasema: "Basi kwa nini hukusema?"

Sina jibu hadi leo. Ndiyo maana ninasema sasa, redioni, mvula ikiwa bado haijaanguka, wakati hakuna maiti ndani ya nyumba na hakuna hasira njiani. Siku radi itakapopiga, na itapiga, mtu atataja jina. Labda jina hilo litakuja katika chumba chako cha maombi, kama ufunuo. Wewe uliyeokoka, simama hapo uwe wa kwanza kusema hapana. Wafalme wa Kwanza 19 inasema Bwana hakuwa katika upepo ule mkubwa, wala katika tetemeko, wala katika moto. Alikuja katika sauti ndogo ya utulivu. Wakati wa kelele, wewe uwe sauti ndogo.

Na kama kuna mtu anayenisikia, aliyewahi kutaja jina la mwingine, au aliyenyamaza kama mimi, Bwana anamwambia alivyowaambia wasikilizaji wake: tubu. Usitubu kwa Mungu peke yake. Yule mtu akiwa bado hai, nenda kwake. Nenda leo, kabla ya mvula.

Tuombe.

Baba yetu, mvula ni yako, nasi tunaihitaji kwa mashamba na kwa visima. Itume kwa rehema. Linda watoto wa Panda, Kikula, Shituru na Likasi yote, nyumba ya anayekuomba na ya asiyekuomba, kama ulivyotuliza mashua zote. Utupe mikono ya kufunga malata na kusafisha kanivo. Utuondolee ulimi unaotafuta mchawi. Fariji Nyaruguru, Runyanya, Palabek na Kalehe. Na msiba ukitufikia, utukute tunabebana, si tunahukumiana. Katika jina la Yesu Kristo, Amina.